Kiti cha Hiari

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, nikufupishie aibu zangu ili twende sawa. Mwenye nyumba alitutolea vyombo nje, mimi, mke wangu na watoto, nasi tukaenda kuishi ukweni. Mwanamume mzima, ndevu zimeshaingia mvi, nalala chumba cha uani kwa wazazi wa mke wangu, na asubuhi napanga foleni ya bafu nyuma ya baba mkwe, ndoo mkononi.

Ulidhani hapo ndipo aibu ilipoishia? Hata mimi nilidhani hivyo.

Kazi yangu unaijua, ila nirudie kwa ajili ya wageni. Mimi ni mnunuzi wa chakula wa shule ya bweni. Kila alfajiri niko sokoni nanunua viazi, vitunguu na maharage, kwa magunia. Mungu alinipa kipaji kimoja tu, nacho ni bei. Muuzaji akitaja, nacheka. Akishusha, naguna. Akishusha tena, naondoka pole pole, nikijua ataniita. Tukishapatana, sigusi mfuko mpaka anitilie nyongeza. Gunia lisilo na nyongeza, kwangu mimi, limepungua.

Sokoni wananiita Bei ya Mwisho. Jina hilo lilinifuata mpaka ukweni, na ndilo lililoniponza.

Mama mkwe alipooza upande wa kulia. Daktari alisema mguu unaweza kurudi, mradi asikose mazoezi ya hospitali. Kasheshe ilikuwa ni kufika huko. Ikija teksi, ilibidi abebwe: baba mkwe mabegani, shemeji miguuni, dereva anatoa ushauri, majirani wanatoa macho. Siku moja gauni lilipanda, na kila mtu akaona asichopaswa kuona.

Hakulia. Aliporudi nyumbani alisema maneno machache tu.

"Mimi si gunia. Sibebwi tena."

Akagoma kwenda mazoezini. Tulimbembeleza, aligeukia ukutani. Mguu ukaanza kukakamaa, na daktari akatuonya kwamba ukishakakamaa kabisa, yeye asitafutwe tena.

Ndipo baba mkwe akauza kiwanja chake. Alituita sebuleni, akatwambia ananunua gari jipya, la kutoka kiwandani, lenye kiti kinachogeuka.

"Kiti cha abiria, cha mbele," akaeleza, mikono ikionyesha. "Ukibonyeza kitufe, kinageukia mlangoni na kushuka kidogo. Mtu anahama mwenyewe kutoka kiti cha magurudumu, anajishika kwa mkono ulio mzima, anakaa. Ukibonyeza tena, kinamrudisha ndani. Hakuna wa kumbeba."

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja. Akaacha.

"Kitu kama hicho kipo kweli, baba watoto?"

"Kipo."

"Basi siku gari likija, siku hiyohiyo nakwenda mazoezini."

Mke wangu alifuta machozi kwa kanga. Mimi nilitazama sakafu, maana machozi ya ukweni ni mazito kwa mtu asiyechangia hata chumvi.

Sasa, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwalimu wa hesabu. Tunamwita Mwalimu, na nadhani hata mkewe humwita hivyo. Yeye alikuwa ameshazunguka. Alikwenda duka moja la magari karibu na hospitali akarudi na jibu lililonyooka.

"Milioni thelathini. Kiti kikiwemo, kufunga kukiwemo, kila kitu kikiwemo. Hawapunguzi, lakini pia hawaongezi."

"Hawapunguzi?" Nikacheka kile kicheko changu cha sokoni. "Mwalimu, hakuna duka lisilopunguza duniani. Kuna mnunuzi asiyejua kuomba."

"Gari si kitunguu, shemeji."

"Anayeuza gari si mtu? Nipeni siku moja tu."

Baba mkwe akanitazama. Tangu nihamie kwake alikuwa akinisalimia vizuri, ananikaribisha mezani, lakini macho yake hayakuwa yakinifikia. Siku ile yalinifika.

"Unaweza, mkwe?"

Ulimi hauna mfupa. "Baba," nikasema, "kwa thelathini za Mwalimu, mimi nakuletea gari na chenji."

*

Duka nililoliendea mimi lilikuwa upande wa pili wa mji, kioo kuanzia chini mpaka juu. Sakafu iling'arishwa hata nikaogopa kuikanyaga na viatu vyangu vya sokoni. Magari yamepangwa, yananukia upya.

Binti aliyenipokea alikuwa na kitambulisho shingoni na viatu vilivyombana. Kila mara alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Karibu, kaka. Uniwie radhi nikikwama mahali, ndiyo kwanza naanza. Niko kwenye majaribio."

Moyoni nikasema: Mungu ana watu wake. Muuzaji mgeni ni riziki ya mnunuzi mzoefu.

Akanionyesha gari. Ni lilelile la Mwalimu, mtengenezaji yuleyule, rangi ya fedha.

"Bei?"

"Ishirini na saba."

Milioni tatu chini ya Mwalimu, na sijafungua hata mdomo! Lakini mnunuzi hachekelei bei. Nikaguna.

"Hiyo ni ya kuanzia. Nipe ya kumaliza."

"Kaka, bei zetu zimepangwa na wakubwa."

Nikageuka, nikaanza kuondoka pole pole. Nilipofika mlangoni, mlango ukafunguka wenyewe. Hili sikulitarajia. Sokoni hakuna mlango, unaondoka mpaka uitwe. Nikasimama hapo najifanya natafuta kitu mfukoni. Mlango ukajifunga. Nikasogea, ukafunguka. Mlinzi akaniuliza kama naingia au natoka.

"Kaka!" Binti alikuwa ananikimbilia, akichechemea. "Nimemwuliza bosi. Mwezi unakwisha na magari hayajatoka, kwa hiyo anakupa punguzo la milioni moja. Ishirini na sita."

Nikamtazama kama mtu anayeonewa. "Haya. Nimekubali kwa ajili yako tu. Sasa tuje kwenye nyongeza."

Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia kaburi, na jembe lilikuwa langu mwenyewe.

"Vya nyongeza viko vingi," akasema, uso umemchangamka. "Kuna kamera ya nyuma, kuna viti vya ngozi, kuna rimu za kung'aa, kuna kiti kinachogeuka..."

"Hebu rudia hapo. Kiti kinachogeuka ni nyongeza?"

"Ndiyo, kaka. Hivyo vyote ni vya hiari."

"Vya hiari?"

"Hiari tupu. Hakuna kulazimishana."

Wewe unayesoma umeketi, umetulia, labda na chai yako, umeshaelewa binti alikuwa anasema nini. Mimi sikuketi. Mimi nilikuwa sokoni, na sokoni nyongeza ni kitu anachokutilia muuzaji baada ya kupatana, kwa mkono wake, kwa moyo wake, kwa hiari yake. Hakuna anayemlazimisha. Nikaona duka hili lina watu waungwana kuliko wachuuzi wangu wote.

"Hiari yashinda utumwa," nikamwambia, na kweli machozi yalinilengalenga.

"Kabisa, kaka!" Akacheka. "Basi niambie unataka vipi."

"Mimi kiti tu. Hivyo vingine sitaki kuwamaliza. Kiti ni cha mama yetu, amepooza."

Akanitazama, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana. Nakiweka pembeni, jina lako liwepo. Na kuhusu bei yake..."

Nikamkatiza kwa kiganja. Kwetu sisi, mkishapeana mkono, anayetaja bei tena anatafuta ugomvi.

"Dada, bei tumeshamaliza. Usiifufue maiti."

Masikini, alikuwa mgeni kazini. Akaandika jina langu kwenye daftari.

*

Nyumbani niliingia kwa mlango wa mbele. Tangu nihamie pale nilikuwa napita mlango wa uani.

"Ishirini na sita," nikatangaza. "Na kiti ni nyongeza."

"Nyongeza kivipi?" Mwalimu akauliza.

"Wanatoa kwa hiari yao."

"Nani amesema hiari?"

"Binti mwenyewe, kwa mdomo wake. Vitu vya hiari."

Mwalimu akavua miwani. "Shemeji, ngoja. Kitu kikiitwa cha hiari, maana yake ni kwamba..."

"Mwalimu," nikamkata, "wewe tufundishie hesabu. Kiswahili tuachie wenyewe."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mpaka mama mkwe alicheka, kwa ule upande wa uso unaocheka. Mwalimu akavaa miwani yake, akatafuta funguo za baiskeli, akaaga.

Ndugu zangu, nilivimba kichwa. Baba mkwe aliniketisha karibu naye. Kesho yake alikwenda benki kulilipa duka, na zilizobaki akalipa karo ya wanangu bila hata kuniambia. Niliambiwa na shule. Juma hilohilo tukahamishwa kutoka uani kuja chumba cha mbele, chumba cha wageni wa heshima, chenye pazia.

Mama mkwe aliniita kibarazani.

"Mkwe wangu, nitaingia garini kama mtu. Mungu akulipe."

"Amina, mama," nikajibu nikiwa nimeinama, maana mimi na mama mkwe hatukuwahi kutazamana usoni kwa muda mrefu. Adabu ni adabu.

*

Simu ilikuja gari likiwa limebakiza siku mbili kufika. Ilikuwa mchana, nyumba imetulia, mimi niko uani naanika nguo za watoto.

"Kaka, habari za huko? Gari lenu liko karakana, linasafishwa. Sasa kile kiti cha hiari, mnaongeza? Bosi anataka jibu leo."

"Tunaongeza nini tena, dada?"

"Milioni tano. Hiyo ni kiti na kukifunga. Mkisema leo, kinafungwa kabla gari halijatoka. Likishatoka itabidi kiagizwe upya, na hapo ni miezi."

Shati la mwanangu likaniponyoka, likaanguka kwenye vumbi.

"Si ulisema ni hiari?"

"Ndiyo, kaka. Hiari. Ukitaka unalipia, hutaki unaacha."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ishirini na sita, jumlisha tano. Hata mimi nisiye mwalimu wa hesabu niliona jibu. Bei ya Mwisho alikuwa ameipandisha bei ya Mwalimu kwa milioni nzima, na akapongezwa.

"Kaka, upo? Tukifunge au tuache?"

Nilikuwa na njia, usinitetee. Ningeingia ndani nikasema, "Baba, nimekosea neno moja." Mwalimu angetafuta mkopo, kwa mama yake angetafuta. Baba mkwe angenyamaza siku kadhaa, kisha angenisamehe, ndivyo alivyo. Ningerudi chumba cha uani na ndoo yangu, basi.

Lakini niliona miwani ya Mwalimu ikivuliwa. Nilisikia kile kicheko cha sebuleni kikirudi, safari hii kikija kwangu. Nikaona macho ya baba mkwe yakianza tena kupita juu ya kichwa changu.

Na mama mkwe je? Nitasema kweli, kwa kuwa gazeti halinitazami usoni. Mama mkwe alinijia akilini mwisho. Nilijiambia miezi si mingi, nitatafuta hela kimyakimya, nitasema kiti kimechelewa njiani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

"Acheni," nikasema.

"Una hakika, kaka? Si ulisema mama..."

"Nimesema acheni! Ni hiari, au siyo hiari?"

"Ni hiari, kaka," akajibu taratibu. "Haya. Nitamwambia bosi."

Nikaliokota shati, nikalifua upya.

*

Siku ya gari, mama mkwe aliamka kabla ya watu wote. Mke wangu alimsuka, akamvisha gauni la buluu alilokuwa amelifungia sandukuni tangu augue. Miadi ya hospitali ilishapangwa, mchana wa siku hiyohiyo. Kiti chake cha magurudumu kilipanguswa mpaka vyuma vikang'aa.

Mimi nilikuwa chooni. Nilikwenda mara nyingi asubuhi ile, hadi mke wangu akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Honi ikalia. Majirani wakatoka. Binti wa duka alishuka akiwa na funguo zilizofungwa utepe, anatabasamu, viatu ni vilevile. Viti vya gari bado vilikuwa na plastiki. Baba mkwe alilizunguka gari, akaligusa bila kulibonyeza, kama anagusa shavu la mtoto mchanga.

Mama mkwe akasogeza kiti chake mwenyewe mpaka kwenye mlango wa abiria. Mke wangu akataka kumsukuma.

"Msinisaidie," akasema. "Leo nataka mnitazame tu."

Akafunga breki ya magurudumu. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ulio mzima, tayari kwa kiti. Akasubiri.

Baba mkwe akaingiza kichwa ndani ya gari, akatafuta. Akatoa kichwa.

"Kitufe kiko wapi, binti?"

"Cha nini, baba?"

"Cha kugeuza kiti."

Tabasamu la binti likabaki lilipo, lakini macho yake yakaja kwangu. Mwalimu akapiga goti, akachungulia chini ya kiti, akainuka akijipangusa vumbi.

"Hiki ni kiti cha kawaida," akasema. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mkono wa mama mkwe ulikuwa bado umenyooshwa. Aliurudisha mapajani taratibu, akauweka chini ya ule uliopooza, kama anauficha.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, niwe nimezikwa na mambo yaishe. Ardhi haikupasuka. Badala yake nilijisikia nikipaza sauti.

"Dada, kiti kiko wapi?"

"Kaka?"

"Si uliniahidi? Ulisema ni nyongeza! Ulisema mnatoa kwa hiari yenu! Mnamfanyia hivi mama wa watu, mgonjwa?"

"Kaka, lakini juzi kwenye simu..."

"Simu gani?"

Maneno mawili tu. Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, mwingine tumeucheka pamoja katika kurasa hizi. Huu sikucheki. Binti akanitazama kama mtu aliyempa mgeni maji na mgeni akamtemea.

Majirani walianza kunong'ona neno "matapeli". Baba mkwe, mtu asiyepandisha sauti hata kwa paka, alimpigia bosi wa duka mbele yetu.

"Njoo uone mlichomfanyia mke wangu!"

Bosi hakukawia. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini. Alitusalimia wote kwa mkono, akaomba radhi kabla hajajua kosa, akatusikiliza. Mimi nilisimulia, na nilisimulia vizuri. Nilieleza ile siku ya dukani, nyongeza, hiari, na kila neno lilikuwa la kweli; simu tu ndiyo sikuitaja.

Akamgeukia binti.

"Uliahidi kiti bure?"

"Sikuahidi, bosi. Nilisema ni cha hiari. Na juzi nilipiga simu..."

"Mteja hajataja simu yoyote."

"Nilipiga kwa simu yangu mwenyewe, bosi, nayo nimeiacha dukani. Ya ofisini ilikuwa na mtu."

Bosi akashusha pumzi. Akasema kwa ile sauti yake ya chini, na ingekuwa heri angefoka.

"Mimi sikubali duka langu liitwe la matapeli mbele ya mgonjwa. Mzee, sikiliza. Kama huyu msichana aliahidi, ahadi ni yetu. Gari linarudi nami sasa hivi, kiti kinafungwa kwa gharama ya duka, na wiki hii hii mama anakipata. Kile kilicho kwenye gari la maonyesho tutakifungua." Akanyoosha kiganja. "Na wewe, binti, kama uliahidi, nipe kitambulisho. Majaribio yako yameishia hapa."

Umeona, ndugu yangu? Uongo wangu ulikuwa umefaulu. Mama mkwe atapata kiti, chumba cha mbele kitabaki changu, Mwalimu atabaki kimya. Kilichotakiwa ni mimi kunyamaza tu, kazi ninayoiweza kuliko zote.

Binti akashika ile kamba ya shingoni.

"Kaka," akasema, "niangalie basi."

Nikaangalia tairi.

"Nimechoka kukaa juani," mama mkwe akasema.

Tukageuka sote. Tulikuwa tumemsahau, na hilo nalo ni aibu ya peke yake.

"Nataka kuingia garini."

"Mama watoto," baba mkwe akasema kwa upole, "kiti hakigeuki. Subiri wakafunge."

"Nimeona hakigeuki. Nibebeni."

Mwalimu akasogea upande wa miguu, baba mkwe akaja mabegani. Akawazuia kwa mkono wake mzima.

"Si nyinyi. Mkwe wangu."

"Mkwe?" Baba mkwe alidhani hakusikia vizuri. "Mama, mkwe tena?"

"Nimesema mkwe wangu anibebe. Si ndiye mwenye kubeba magunia?"

Watu wazima walitazama pembeni. Mke wangu alijifunika mdomo. Mimi ambaye nikimwamkia mama yule huinamisha kichwa, mimi ambaye nikikuta amejinyoosha kibarazani huzunguka nyumba nzima nisimpite, niliinama nikaweka mkono mmoja chini ya magoti yake na mwingine mgongoni. Akanishika shingo kwa mkono wa kushoto. Nikamwinua.

Alikuwa mwepesi. Sikutegemea angekuwa mwepesi hivyo. Mguu uliopooza ulining'inia, kiatu kikadondoka, na gauni la buluu likaanza kupanda. Akajaribu kulivuta chini, mkono haukufika, kwa kuwa ndio ulionishika. Mbele ya mtaa mzima, mikononi mwa mkwe wake. Mke wangu akakimbia akalivuta yeye.

Nikamweka juu ya kiti. Plastiki ikalia. Nilipokuwa nimeinama bado, kichwa changu kiko ndani ya gari na watu wote wako nje, akasema karibu na sikio langu, bila hasira yoyote:

"Siku ile ulipokuwa unaanika nguo, mwanangu, sikuwa nimelala."

Nikabaki nimeinama.

"Mama," bosi akaita kutoka nyuma yangu, "gari ni lako, tunakuomba nawe useme. Huyu msichana aliahidi kiti, au hakuahidi?"

Mama mkwe alirekebisha gauni magotini. Akamtazama binti, akaitazama kamba aliyokuwa ameshaivua shingoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa pale.

"Mwulizeni mkwe wangu. Huyu hawezi kunidanganya mimi."

Nikatoa kichwa garini. Wote walikuwa wananisubiri: baba mkwe ameshika kile kiatu kilichodondoka, mke wangu, Mwalimu, binti, na bosi aliyekuwa amenyoosha kiganja kupokea kitambulisho.

"Haya, kaka," bosi akasema. "Tunakusikiliza."

Mikono yangu ilikuwa bado na joto la mgongo wake. Nikafungua mdomo.